Kamba ya Fahali na Msichana wa Kilo 48

Ndugu wasomaji, toleo hili tunaweka kando kidogo habari za mbolea na kuku, tunazungumza juu ya kamba. Mtatuuliza, kamba ina maendeleo gani? Subirini kidogo.

Likizo ya Agosti mwaka uliopita vijana wetu hapa Sosiot walitundika kitambaa nyuma ya jikoni ya kanisa. Walikuwa wameona kwenye simu wasichana wa ng'ambo wakipanda kitambaa kirefu kilichoning'inia kutoka juu, wakijiviringisha kiunoni na miguuni, kisha wakijiachilia wakashuka kama jiwe na kusimama ghafula hewani, mikono wazi, wanacheka. Nani asiyetaka kujaribu? Wakachanga pesa, wakanunua mita 12 za kitambaa cha pazia sokoni Kericho. Kamba wakaazima kwa mzee mmoja wa kanisa. Wakaifunga kutoka mkaratusi mmoja hadi wa pili, kama mita 8 hivi, wanaume wanne wakaivuta mpaka ikanyooka kama waya wa stima, halafu kitambaa kikafungwa katikati yake.

Siku ya tatu kamba ilikatika. Aliyekuwa juu ni msichana wa kidato cha pili, kilo 48, tena mwepesi kama swara. Alianguka kutoka mita mbili na nusu, akavunjika mkono. Tunashukuru ulikuwa mkono tu. Angetangulia kichwa, tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Basi kikafanyika kikao. Wazazi wengine walisema mchezo huo upigwe marufuku kabisa. Wengine walilaumu muuzaji wa kitambaa, na kumbe kitambaa kilikuwa kizima, hakikuchanika hata uzi. Ndipo mzee mwenye kamba akasimama, akaiinua ile kamba iliyokatika tuione, akauliza: "Wanangu, kamba hii nimefungia fahali wangu miaka miwili. Fahali ana zaidi ya kilo mia nne, na akiona ng'ombe jike anavuta kwelikweli. Haijawahi kukatika. Inakuwaje imkatikie mtoto huyu?"

Kikao kilinyamaza. Mwalimu wa fizikia aliyekuwa nasi aliomba kwanza apewe karatasi na kalamu. Somo hili ni jibu la swali la mzee, kama tulivyolifanyia kazi pamoja na mwalimu huyo kwa Jumamosi tatu, tukitumia kamba, mtungi wa maji na mizani ya majani chai. Tunaliandika kwa sababu si la wachezaji peke yao. Wapo kati yetu wanaopanda mikaratusi kukata matawi, wanaoteremka visimani, wanaofunga magogo. Kamba haijui kama anayening'inia anacheza au anatafuta unga.

MCHEZO WENYEWE

Neno sarakasi si geni kwetu. Kenya inajulikana duniani kwa vijana wanaopandana mabegani wakajenga piramidi ya watu, au wanaopenya katika vipete vya moto. Nairobi kuna Sarakasi Trust, iliyoanza mwaka 2001, na ukumbi wao ulioko Ngara zamani ulikuwa sinema ya Shan. Lakini sarakasi ya namna hiyo huchezwa chini, mguu ukiwa karibu na ardhi au juu ya bega la mwenzako. Sarakasi ya kitambaa ni ngeni zaidi. Ilienea katika miaka ya 1990 kupitia sarakasi za Ufaransa na Kanada, hasa kundi la Cirque du Soleil lililoanzishwa Quebec mwaka 1984.

Wazungu hukiita kitambaa hicho hariri, na hapo vijana wetu wakadanganyika kidogo, wakatafuta kitambaa kinachong'aa. Si hariri hata kidogo. Ni nailoni iliyofumwa kama fulana, inayonyooka kiasi ikivutwa na kurudi. Kwa nini inyooke? Tutafika huko, maana ni nusu ya jibu.

MIKONO HAIBEBI PEKE YAKE

Ukimtazama mchezaji utadhani ana mikono ya chuma. Mazoezi anayo, hatukatai, lakini jaribu wewe kuning'inia kwa mikono miwili kwenye boriti. Wengi wetu tunashindwa hata kabla ya dakika moja. Yeye anakaa juu dakika tano, sita, na mara anaachilia mikono yote. Anashikwa na nini?

Anashikwa na msuguano. Na msuguano huo kila mchungaji wa hapa anaujua, hata kama hajui jina lake. Mtoto wa miaka kumi akishika kamba ya fahali kwa mkono, anaburutwa mpaka mtoni. Mtoto huyo huyo akiizungusha kamba kwenye posti mara mbili na kushika ncha yake, fahali anakwama. Nguvu za mtoto hazikuongezeka. Posti ndiyo inayomsaidia.

Mswisi mmoja, Leonhard Euler, aliyeishi kati ya 1707 na 1783, alipiga hesabu ya jambo hili, na jibu lake linashangaza. Tuchukue kamba kavu kwenye posti ya mti, yenye msuguano wa kawaida (wanafunzi waandike 0.3). Ikizunguka nusu tu, kilo 1 ya mkono wako inazuia kilo 2 na nusu hivi upande wa pili. Mzunguko mmoja kamili, inazuia kilo 6 na nusu. Mizunguko miwili, kilo 43. Mitatu, zaidi ya kilo 280! Tazama vizuri: haiongezeki kwa kujumlisha, inaongezeka kwa kuzidisha. Kila mzunguko mpya unazidisha kwa sita na nusu ile iliyotangulia.

Mchezaji wa kitambaa anafanya hivyo hivyo, ila posti ni mwili wake. Kufuli ya kwanza anayofundishwa ni ya mguu. Kitambaa kinapita nje ya mguu mmoja, kinaingia chini ya unyayo, halafu mguu wa pili unakikanyaga juu. Akisimama, uzito wake wenyewe ndio unaobana kitambaa. Akizidi kulemea, kinazidi kubana. Ndiyo maana anaweza kupumzisha mikono akiwa juu kama mtu aliyesimama kwenye ngazi. Akijiviringisha kiunoni na mapajani mara mbili tatu, kinachohitajika upande wa chini ni kidogo sana, pengine uzito wa mkia wa kitambaa tu unaoning'inia. Mkia huo basi si pambo. Mtoto akiunyanyua kwa kucheza huku mwenzake yuko juu, anaweza kumfungulia kufuli. Vijana wetu walikuwa wakiuchezea mkia, na hakuna aliyewakataza kwa sababu hakuna aliyejua.

Msuguano una bei yake pia, nayo ni moto. Mtu wa kilo 60 akiteleza mita 4 kwenye kitambaa, asimame mwisho wake, kazi yote ya kumteremsha imegeuka joto. Mwalimu alituhesabia: linatosha kuchemsha maji ya kijiko cha chai kimoja na nusu. Unasema ni kidogo? Haya, mimina maji hayo nyuma ya goti lako. Wachezaji hufunika miguu na tumbo, na wazazi waliolalamika juu ya mavazi ya kubana wajue kwamba hapa nguo ni kinga kwanza.

KUSHUKA SI HATARI, KUSIMAMA NDIKO HATARI

Sasa tunakuja kwenye ule ufundi unaofanya watu wapige kelele: mchezaji kujiachilia.

Mkulima yeyote aliyepeleka majani kituoni enzi za mizani ya mshale anakumbuka jambo hili. Ukitundika mfuko taratibu kwenye kulabu, mshale unapanda na kutulia, tuseme kilo 15. Ukiutupia kwa fujo, mshale unaruka mpaka 30 na zaidi, unarudi, unaruka tena, na karani anakupigia kelele. Majani hayakuongezeka njiani. Kilichoongezeka ni nguvu ya kuusimamisha mfuko uliokuwa unakwenda chini. Hata usipoutupa, ukiuachilia tu ghafula badala ya kuuteremsha, mshale unagusa karibu mara mbili ya uzito wake. (Mizani ile ilizua maneno mengi baina ya wakulima na makarani, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.)

Hesabu yake ni nyepesi, mtu anaweza kuifanya kichwani. Chukua urefu ulioanguka, ugawanye kwa urefu uliotumika kusimama, halafu ongeza moja. Hiyo ndiyo idadi ya mara ambazo uzito wako umezidishwa, kwa wastani. Mtu wa kilo 60 ameanguka mita moja na nusu, kitambaa kikanyooka na kumsimamisha taratibu ndani ya nusu mita. Moja na nusu kugawa kwa nusu ni 3, ongeza 1, ni 4. Kitambaa na kila kilichokishikilia kimebeba kama kilo 240. Sasa mtu yule yule, kimo kile kile, lakini kitambaa ni cha pazia kisichonyooka, anasimama ndani ya sentimita 10. Inakuwa mara 16, karibu kilo 960. Uzito wa ng'ombe wawili wakubwa umeletwa kiunoni mwa mtu kwa kufumba na kufumbua.

Hii ndiyo sababu nailoni hufumwa inyooke. Kunyooka kule kunaongeza urefu wa kusimama. Na ndiyo sababu mtu akianguka kwenye nyasi ndefu zenye matope hutoka na mchubuko, na akianguka kwenye saruji hatoki. Kutoka mita 3 unafika chini kwa mwendo wa kilomita 28 kwa saa, kama pikipiki mtaani. Mwendo ni ule ule, godoro likiwepo au lisiwepo. Godoro haliupunguzi mwendo wako. Linakupa sentimita za kusimamia. Lile jembamba la inchi 4 walilotandika vijana, lililolalika katikati, halikutoa sentimita nyingi. Mkono wa yule msichana ndio uliolipa zilizobaki.

Kubembea nako kunaongeza mzigo, ingawa si kwa ukali huo. Kitambaa kikivutwa kando mpaka pembe ya nyuzi 60 na kuachiliwa, mtu anapopita chini kabisa anakuwa na uzito mara mbili. Ikiwa kimeanzia usawa wa nyuzi 90, ni mara tatu. Vijana walishangaa zaidi na jambo jingine: kitambaa cha mita 4 huenda na kurudi kwa sekunde 4 hivi, aliyepanda awe mnene au mwembamba. Tuliwapima wawili kwa saa, mmoja kilo 45 na mwenzake kilo 80, chini ya macho ya watu wote. Walilingana.

JIBU LA MZEE

Lakini yule msichana hakuanguka mita moja na nusu kabla ya kushikwa. Waliokuwepo wanasema alijiachilia kidogo tu, kama nusu mita, na kitambaa pamoja na kamba vikamsimamisha ndani ya sentimita 25 hivi. Nusu mita kugawa kwa robo mita ni 2, ongeza 1, ni mara 3. Kilo 48 zikawa kilo 144. Fahali akikasirika anavuta zaidi ya hapo. Kwa hiyo swali la mzee bado lilisimama.

Jibu lilikuwa kwenye ile kamba kunyooka kama waya wa stima. Vijana walijivunia sana kunyooka huko. Wanaume wanne! Nasi tuliopita pale tukasifu kazi nzuri.

Fanya jaribio hili nyumbani, usituamini tu. Jaza mtungi wa lita 20, ambao ni kilo 20. Pitisha kamba ya mita 4 kwenye mkono wa mtungi, uwe katikati, watu wawili washike ncha huku na huku. Wakisimama karibu karibu, kila mmoja anabeba kilo 10, rahisi. Sasa waambie waachane polepole, wakiinyoosha kamba. Watavuta, watavimba mishipa ya shingo, watacheka, na kamba haitanyooka kamwe. Walete wanaume wa kwenye kiwanda cha mbao, haitanyooka.

Kanuni yake ni hii: pima nusu ya kamba, ugawanye kwa kina ambacho katikati pamezama, kisha zidisha kwa nusu ya uzito. Kamba yetu nusu yake ni mita 2. Mtungi ukizama mita 1 chini ya mikono yao, 2 kwa 1 ni 2, mara kilo 10, ni kilo 20 kwa kila mmoja. Mtungi ukizama nusu mita, ni kilo 40. Wakijitahidi mpaka uzame sentimita 10 tu, kila mmoja anavuta kilo 200. Kwa mtungi mmoja wa maji! Na ili kamba inyooke kabisa, kina kiwe sifuri, wangehitaji nguvu isiyo na mwisho. Kamba iliyolala haina njia nzuri ya kubeba kitu kinachovuta chini. Inabeba kwa ule mwinamo mdogo tu, na mwinamo ukipungua, mkazo unapanda bila huruma.

Turudi nyuma ya jikoni. Miti ilikuwa mita 8, nusu ya kamba ni mita 4. Msichana aliponing'inia kimya, kamba ilizama kama sentimita 35. Mita 4 kugawa kwa 0.35 ni zaidi kidogo ya 11, mara kilo 24 ambazo ni nusu ya uzito wake, ni kama kilo 275. Akiwa ametulia! Alipojiachilia na kusimamishwa, mzigo ukawa kilo 144, kamba ikazama zaidi, tuseme nusu mita. Mita 4 kwa nusu mita ni 8, mara kilo 72. Kilo 576 kwenye kila upande wa kamba.

Na kamba yenyewe? Tuseme ilipokuwa mpya ingestahimili kilo 700. Fundo huiba nguvu ya kamba, mara nyingine hadi nusu yake, kwa sababu pale inapopinda kwa ukali nyuzi za nje zinavutwa zaidi ya za ndani. Kwa hiyo 350. Halafu miaka miwili ya jua, mvua yetu ya Kericho ya kila alasiri, na kusuguana na posti ya boma. Haikukatika katikati, ilikatikia kwenye fundo la mkaratusi wa kushoto. Mzee aliitazama ile hesabu kwenye karatasi kwa muda mrefu. Akasema, "Fahali wangu huivuta ikiwa imenyooka kuelekea kwenye posti. Hamkumpachika katikati."

Ndivyo hasa. Fahali akivuta kilo 200, kamba inabeba kilo 200, basi. Vijana walikuwa wamejenga mashine ya kuzidisha uzito na kumtundika mwenzao katikati yake, na kadiri walivyoikaza ili iwe imara ndivyo walivyoizidishia hatari.

MAHALI PA KUTUNDIKA

Wengine walisema basi, kitundikwe kwenye tawi, kishuke wima, mambo yamekwisha. Kushuka wima ni sawa. Tawi ndilo la kuangalia. Tawi ni nyenzo. Mzigo ukiwa mita 3 kutoka kwenye shina unalitesa ungio la tawi mara tatu kuliko ukiwa mita 1. Mkaratusi unajulikana pia kwa kuangusha matawi wenyewe, hata siku isiyo na upepo, na nje huwezi kuona mahali palipooza. Anayekata matawi kwa kazi anajua, muulizeni.

Chuma nacho si jibu kama hakikutumiwa kama kilivyotengenezewa. Tarehe 4 Mei 2014, katika mji wa Providence huko Marekani, wanawake wanane wa sarakasi ya Ringling walikuwa wanacheza wakining'inia kwa nywele zao, wote kwenye fremu moja iliyoshikwa juu na kulabu moja ya chuma yenye mlango, namna ile ya wapanda milima. Kulabu ilivunjika mbele ya watazamaji, wakaanguka zaidi ya mita 4, wakaumia vibaya. Wakaguzi wa usalama kazini walikuta kwamba kulabu ya namna ile imetengenezwa ivutwe kwa mstari mmoja, kufuata uti wake, juu na chini. Wao walikuwa wameifunga ikivutwa pande tatu kwa pamoja. Kampuni kubwa, yenye mafundi na pesa, na kosa lilikuwa ndugu wa kosa letu: kitu chenye nguvu za kutosha kilivutwa kwa upande usio wake.

Watu wanaofanya kazi ya kutundika binadamu huwa na desturi ya kutaka kila kipande, kuanzia kitambaa hadi boriti, kiweze kubeba mara 10 ya uzito wa mtu. Wengine hapa waliona ni woga. Rudi kwenye hesabu ya kujiachilia uone jinsi mara 4 inavyofika upesi na mara 16 isivyo mbali, ndipo uamue kama ni woga.

Kikao kiliafikiana hivi, baada ya maneno mengi. Mchezo haukupigwa marufuku, lakini umeteremshwa. Fundi wa kuchomelea wa hapa sokoni anatengeneza fremu ya miguu mitatu ya bomba, kitambaa kitashuka wima kutoka sehemu moja juu, na kabla mtu hajagusa tutaning'iniza mifuko ya mchanga ya kilo 700, tuiache usiku kucha. Kitambaa cha pazia kimerudishwa kuwa pazia. Mpaka apatikane mwalimu aliyefundishwa kazi hii, hakuna kujiachilia, na kiuno cha mchezaji hakipiti kimo cha bega la mtu aliyesimama. Vijana walinung'unika. Wawili waliacha kuja. Yule msichana, plasta ikiwa bado mkononi, ndiye aliyesoma hesabu hizi mbele ya wenzake, na yeye hakunung'unika.

Swali moja la kuzungumza katika vikundi vyenu. Kijana wa kilo 70 amepanda mkaratusi kukata matawi. Amejifunga kamba ya mkonge kiunoni, na ncha ya pili ameifunga kwenye shina usawa wa miguu yake, kamba ikiwa imelegea kiasi kwamba akiteleza ataanguka mita 2 kabla haijakaza. Mkonge haunyooki sana. Atasimama ndani ya sentimita 10. Kamba itabeba kilo ngapi, na kiuno chake je? Halafu jadilini angeifunga wapi, na kwa urefu gani. Kwa sehemu ya kwanza sisi tulipata kilo 1,470, na katika kikundi chetu walikuwepo wawili waliokuwa wakijifunga namna hiyo kila wiki.

Kamba ya mzee ameichukua. Kipande kirefu anafungia ndama. Kile kifupi, chenye lile fundo, kimetundikwa ukutani katika ofisi ya vijana, na mizani ya mshale iko pale pale Jumamosi kuanzia saa nane, kwa yeyote anayetaka kuja na mtungi wake kupima.